Trekta la Mezani na Baiskeli ya Papa Kabwe

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu, msimtafute mwingine. Nilimwibia jirani yangu, naye akanishukuru!

Ngoja niwaeleze polepole, maana bila kulielewa gurudumu hamtauelewa ubaya wangu.

Ilikuwa miaka ya Zaire, hapa Kalemie. Nilikuwa fundi wa chuma katika karakana moja. Sikukuu ya chama ilikuwa inakaribia, na kila mahali pa kazi palitakiwa kuonyesha jinsi panavyosaidia kilimo. Sisi hatukuwa tumekisaidia kwa lolote. Basi mkuu wetu, ndani ya abakosti yake, ile suti ya chama isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi, akaniita.

“Situayen,” akasema, maana ndivyo wananchi tulivyoitwa wakati huo, “utatufanyia trekta.”

“Trekta, mkuu?”

“Ya kadogo! Ya kuweka juu ya meza. Lakini magurudumu izunguke, watu waone kilimo inaendelea.”

Nilifurahi kuliko yeye. Zamani nilikuwa nimeliona trekta la kale kule Mpala, lenye magurudumu ya chuma na njiti nyembamba, na tangu hapo nilitamani kulitengeneza la kwangu.

Gurudumu la namna hiyo si gumu, hata wewe unaliweza. Kata kipande cha bomba pana, ndiyo duara. Kitovu ni bomba jembamba. Toboa matundu, pitisha njiti, ulehemu. Siri ni hii: usilehemu njiti jirani kwa jirani. Lehemu moja, kisha ile inayoielekea upande wa pili, ili zivutane sawasawa. Kila njiti inabeba sehemu yake. Na la kwanza likitoka kama yai, usikate tamaa. Langu lilitoka kama kiazi!

Shida ilikuwa njiti zenyewe. Waya wa karakana ulilegea kwenye moto. Nilihitaji reyo, zile njiti za gurudumu la baiskeli, na madukani hazikuwepo.

Siku hizohizo Papa Kabwe akaniletea baiskeli yake, kinga kama tunavyoiita hapa, nimrekebishie breki. Huyu alikuwa jirani yangu, mkulima. Shamba lake lilikuwa njia ya Niemba, na baiskeli hiyo ndiyo iliyobeba mihogo hadi soko la mjini. Watoto wake walikula kwa baiskeli hiyo.

Niliitazama. Reyo zilikuwa nyingi mno! Nikajiambia: moja hapa, moja pale, nani ataona? Mimi huyuhuyu niliyetoka kuwaeleza kwamba kila njiti inabeba sehemu yake! Nikachomoa, nikakaza zilizobaki, gurudumu likazunguka limenyooka kabisa. Kazi safi. Ole wangu!

Alipokuja kuichukua aliizungusha uani, akacheka.

“Fundi, umefanya nini? Kinga yangu imekuwa mwepesi!”

“Njo breki, Papa,” nikamjibu, nikizisingizia breki. “Zilikuwa zinashika.”

Siku ya sikukuu, kwenye defile, yale maandamano ya chama, trekta langu lilipita mbele ya wakubwa, likiwa juu ya meza iliyobebwa na wenzangu. Mkuu alilisukuma kwa kidole, likatembea bila kuyumba. Makofi! Trekta lisiloweza kufukua hata shimo la panya!

Haikupita wiki, Papa Kabwe akiteremka kilima na magunia ya mihogo, gurudumu la nyuma lilijikunja. Akaanguka, mkono ukavunjika. Na mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza.

Nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kusema yote. Hata sikuwahi kukaa.

“Fundi! Nilikuona kwenye defile. Njo wewe ulifanya ile trekta? Magurudumu ya muzuri vile! Sikia: kinga yangu haitaguswa na muntu mwingine. Wewe tu.”

Nikafungua mdomo. Mke wake akadhani nina njaa, akanisogezea ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nikala!

Nilitoa reyo kwenye baiskeli yangu mwenyewe nikamrudishia. Nikawa natembea kwa miguu. Msimu ule wote nililima shamba lake kwa jembe la mkono, huku trekta langu likikaa kwenye kabati la kioo ofisini kwa mkuu. Papa Kabwe alikaa pembeni, mkono umefungwa kitambaa shingoni, akiwaita wapita njia.

“Muone! Jirani kama huyu mutamupata wapi?”

Kanisani nikatajwa kuwa mfano. Kila sifa ilinichoma kama chuma cha kulehemu, lakini nilizipokea zote.

Mkono wake ulipona ukiwa umepinda kidogo. Hadi leo akinisalimu ananipa huohuo.

Ninyi mnaopenda kazi za mikono, tengenezeni magurudumu madogo, ni furaha kubwa. Ila msichukue kwenye kinachobeba ili kupamba cha kutazamwa! Na fundi akikurudishia baiskeli yako imekuwa nyepesi, usimshukuru kwanza. Hesabu reyo.