Hatua Kumi na Nne

Wiki hii nilipeleka maandazi Mlingotini, kwa mafundi wanaojenga upya nyumba zilizobomolewa na mafuriko. Nilimkuta bibi mmoja amesimama juu ya kamba ya msingi wa nyumba yake, hataki kusogea.

"Shikamoo bibi, tupishe," fundi alisema. "Mlango tunauhamishia nyuma. Mlango ukibaki huku mbele, maji yataingia tena."

"Marahaba. Na huyu ataingilia wapi?"

Alimwonyesha kwa kidevu jirani yake, bibi mwenzake asiyeona, aliyekaa kizingitini kwake ng'ambo ya uchochoro. Kila asubuhi jirani huyo huja kunywa chai kwa bibi, peke yake, bila fimbo.

"Ni hatua kumi na nne," jirani alisema. "Siku ya mafuriko nilizihesabu ndani ya maji, nikamfikia, tukatoka wote."

Fundi alienda mlangoni kwa jirani, akafumba macho, akaanza kuhesabu. Hatua ya kumi na nne ilimfikisha mbele ya bibi wa kwenye kamba, mkono kaunyoosha hewani. Alipofumbua macho aliwaambia wenzake waongeze kozi mbili, yaani safu mbili za matofali, kwenye msingi ili maji yasiingie, mlango ubaki palepale.

"Ila bibi, sasa kutakuwa na vipandio viwili," alimwambia jirani.

"Nitavizoea, mjukuu wangu. Hata nikijikwaa, nitaangukia ndani."

Shule niliiacha kidato cha pili, na hesabu sikuipenda. Siku hiyo nilirudi nyumbani Dunda, nikahesabu hatua kutoka mlangoni kwetu hadi kwa jirani. Ni tisa tu, na sikuwahi kuzijua.