Baridi Iliyokuwa Ikitembea Chwaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikakaa barazani nikirudia kichwani maana ya wastani. Takwimu nilijifundisha mwenyewe kwa simu, na niliogopa kuulizwa swali rahisi. Mkuu wa kitengo cha kumbukumbu za hali ya hewa, Bi Zuhura, hakuniuliza kitu. Alinionesha kabati la madaftari kutoka vituo vya Unguja, akasema, "Yaingize yote kwenye kompyuta."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, kwa nyinyi mtakaoikuta imeshachukuliwa na mitambo. Kila kituo kilikuwa na msomaji. Asubuhi alipima maji ya mvua, na saa tisa mchana alisoma kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe cha mbao chenye nafasi za kupitisha hewa. Sisi mjini tulitafuta wastani wa kila siku ya mwaka kwa miaka yote, kisha tukaangalia kila siku imepanda au imeshuka kiasi gani kuliko wastani wake. Hapo ndipo unapoona kama kisiwa kinazidi joto.

Nililipenda jedwali langu kupita kiasi. Safu zimenyooka, namba tupu.

Kituo cha Chwaka kikanitoa jasho. Kila mwaka palikuwa na kama mwezi mmoja ambao namba zake za mchana zilikuwa chini ya wastani, na kila mwaka mwezi huo ulianza siku kumi au kumi na moja mapema zaidi. Baridi ilikuwa ikitembea. Kwenye kituo cha Bububu haikuwapo, cha mjini haikuwapo. Nilisoma habari za pepo, za mikondo ya bahari, hata za madoa ya jua. Mwisho nikaandika kwenye ripoti kwamba rekodi ya joto ya Chwaka haiaminiki, ifutwe yote.

Bi Zuhura aliisoma amesimama.

"Umemuuliza?"

"Nani, Bi?"

"Aliyezisoma. Mzee Haji yuko hai. Unamfutia kazi ya miaka ishirini hata hodi hujampigia?"

Ripoti ilikuwa iende kwa wakubwa Alhamisi. Jumanne nikaenda Chwaka.

Mzee Haji, mwalimu wa chuo cha Kurani, nilimkuta nyuma ya nyumba akikipaka rangi kisanduku chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ofisini? Basi nishikie kopo."

Nikashika kopo, nikamweleza habari ya baridi inayotembea. Alicheka mpaka akaweka brashi chini.

"Hiyo Ramadhani, mwanangu. Kwani wewe hufungi?"

"Nafunga."

"Basi? Ramadhani nnadarsisha msikitini tangu adhuhuri, sitoki mpaka alasiri ishasaliwa. Kipimajoto nnakisoma saa kumi na nusu, jua lishalegea. Na saa yake nnaiandika pembeni, kila siku. Hukuiona?"

Ningeweza kusema sikuiona.

"Niliiona," nikasema. "Jedwali langu halina safu ya saa."

Aliokota brashi. "Safu si huongezwa?"

Jumatano kutwa niliingiza saa zake, moja moja. Kituo cha mjini husomwa kila saa, kwa hiyo niliweza kuona joto hushuka kiasi gani kati ya saa tisa na saa kumi na nusu, nikazirekebisha siku za Ramadhani. Baridi ikatoweka. Rekodi ya Chwaka ikabaki. Kwenye ripoti niliandika kwamba kosa lilikuwa la mwingizaji, nikaweka jina langu na maneno mengi ya kuomba radhi.

"Jina liache," Bi Zuhura akasema. "Radhi zitoe. Hii ripoti."

Mkataba wangu umekwisha mwezi uliopita. Wenzangu wananicheka kwamba nimestaafu bila ya mvi. Bado naogopa kukosea, sitadanganya. Ila namba ikinishangaza siku hizi, nataka kwanza kujua nani alikuwa amesimama pale, na alikuwa anatoka wapi.

Wiki zangu za mwisho nilizitumia kurudia madaftari ya vituo vingine, kutafuta niliyoyaruka. La Makunduchi lina alama ndogo ya duara kando ya baadhi ya siku za mvua. Nilikwenda kuuliza. Msomaji wake amefariki, na mkewe hajui maana yake. Nimezinakili alama zote kama zilivyo, kwenye safu niliyoziongezea.