Saa Yenye Kioo cha Kaka Side

Harufu ya petroli kwangu ni harufu ya Idd. Ikinikuta nafumba macho, namwona Bi Zulfa uani kwetu Kariakoo na kikombe chake cha petroli, anaogesha vyuma vidogo kama ufuta. Marehemu mumewe alikuwa fundi saa, alimwachia meza na kazi. Mwaka mmoja mama, muuza makoti ya mtumba, alikuta saa ya zamani mfukoni mwa koti, ile ya kuzungushwa kidude pembeni ndiyo itembee. Haina kioo, haina mkanda, haina mshale wa dakika. Akanirushia, "Chezea." Mimi nikaona nimepata cha kuvaa Idd, maana gauni lilikuwa la dada, na kabla ya dada la binamu.

Nikampelekea Bi Zulfa aifufue. Haba na haba hujaza kibaba. Mama Chausiku wa chumba cha mbele akatoa mshale wa kisaa chake cha kike kilichokufa. Kaka Side, winga wa kunasa wateja barabarani na kuwapeleka madukani, akatoa kioo. Mkanda Bi Zulfa akaukata kwenye pochi kuukuu nyekundu. Ikaamka! Nikawa nalala nayo sikioni, kama kuna mtu mdogo humo ndani anatembea na kandambili. Kasoro moja tu: mshale wa dakika ukawa mfupi kuliko wa saa. Kuisoma lazima ugeuze akili.

Asubuhi ya Idd nimeshaivaa, Kaka Side akatokea na kanzu, anaenda kujitambulisha ukweni.

"We Tatu, lete saa."

"Yangu hiyo."

"Na kioo cha nani? Kama hutaki, nibandulie kioo changu nikakivae."

Bi Zulfa akacheka. "Mpe, mwanangu. Kioo kikitoka vumbi linaingia, saa inakufa."

Nikavua, machozi yananilenga. "Basi kaka, kumbuka, mfupi ndio dakika."

"Nenda huko! Nimejua saa wewe hujatambaa."

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Alisimulia mwenyewe: saa nne na dakika kumi asubuhi, baba mkwe akamuuliza saa. Akakunja mkono wa kanzu kwa maringo. "Saa nane kasoro kumi, mzee." Mzee akatazama jua, akamgeukia bintiye. "Mwanangu, huyu kanywa nini?"

Adhuhuri haijaadhiniwa, yuko uani, jasho linamtiririka, ananifunga saa mwenyewe. "Chukua, na kioo nimekupa. Mchumba kaniombea msamaha mpaka kapiga magoti."

Alasiri, Mnazi Mmoja, kwenye bembea na ubuyu, watoto wakapanga foleni kuniuliza saa ngapi. Hawakuwa na pa kuwahi. Walitaka tu nikunje mkono, nigeuze akili, niseme. Nikasema mpaka sauti ikakauka, na jua likawa linashuka taratibu, kama na lenyewe liko kwenye foleni.

Siku hizi ile nyumba ni ghorofa la maduka, na saa iko kwenye simu, haikosei. Juzi simu yangu ikazima nikiwa Posta, nikamsogelea dada mmoja. "Samahani dada, saa ngapi?" Akakumbatia mkoba wake, akakaza mwendo.