Hakuna Swali, Afande

Tamar Mangi, Mama Enos kwa wanafunzi, ameajiriwa kutunza vitabu katika chuo chetu kidogo cha ufundi hapa Garsen. Vitabu vyenyewe vinaenea kwenye rafu nne, kwa hiyo amejiongezea kazi nyingine: kuwatunza wanajeshi waliostaafu wanaokuja kusoma. Hakuna aliyemtuma. Mimi ndiye mpishi wa chuo na nampenda kama dada yangu, lakini ukweli lazima usemwe: kwa kujiingiza katika mambo ya watu, Tamar hana mpinzani.

Babake, Mpokomo wa Kau, alikuwa mwanajeshi, na Tamar alikulia kambini. Akimwona mtu mzima kwenye foleni ya maharagwe amesimama wima, sahani usawa wa kifua, ananinong'oneza, "Nyevu, huyo ni wetu."

Hivyo ndivyo tulivyompata Guyo Bule, Muorma wa Bangale. Alistaafu akiwa sajenti baada ya miaka ishirini na mmoja jeshini, akaja kusomea afya ya mifugo pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Vijana wakamwita Budaa, yaani mzee. Kila asubuhi alitandika kitanda chake, kisha vya wenzake saba bwenini, wakampenda upesi. Nani asiyependa kutandikiwa?

Shida ilikuwa darasani. Mwalimu Silas, kijana wa miaka ishirini na sita, alimaliza kila kipindi kwa kuuliza, "Kuna swali?" Papo hapo Guyo aliruka juu, visigino vikagongana: "Hakuna swali, afande!"

Tamar alinieleza kwamba jeshini mkubwa akiuliza hivyo jibu ni hilo tu, na hulitoa mwenye cheo kwa niaba ya kikosi kizima. Guyo alijiona ndiye mkubwa wa kikosi. Sasa kijana gani angeinua mkono baada ya hapo? Silas naye, maskini, akaamini anafundisha vizuri mno. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakupitia mafunzo ya kuruta.

Matokeo ya jaribio la kwanza, kuhusu tumbo la ng'ombe na vyumba vyake vinne, yalipotoka, darasa zima lilikuwa limeanguka. Guyo alipata kumi na tisa kwa mia. Angerudia baada ya wiki mbili, na akianguka tena jina lake lingeondolewa chuoni. Jioni hiyo nilimkuta nyuma ya jiko langu, begi limefungwa.

"Narudi Bangale," alisema. "Nimezaliwa zizini, Dada Nyevu, halafu nashindwa na tumbo la ng'ombe. Watoto wangu nitawaambia nini?"

Nilimpa chai. Nikaenda kumwita Tamar.

Hakumbembeleza hata kidogo. Alisimama mbele yake, mikono nyuma. "Sajenti! Toa ripoti. Tumbo la ng'ombe."

Guyo akainuka. "Chumba cha kwanza, nimefika. Cha pili, nimefika. Cha tatu..." Akaangalia begi lake. "Cha tatu sijafika, Mama Enos. Mwalimu alipita haraka. Cha nne pia."

"Na mwalimu alipouliza kama kuna swali?"

"Nikasema hakuna."

"Kumbe ulimpa mkubwa wako ripoti ya uongo."

Guyo alishtuka kuliko kama angetukanwa. Tamar akapunguza sauti. "Hapa swali si utovu wa nidhamu, ndugu yangu. Ni kutaja mahali ambapo hujafika. Doria ikificha, watu hufa. Wewe ukificha, watakufa ng'ombe wa watu."

Kesho yake nilijisingizia kupeleka chai ya mwalimu, nikabaki mlangoni. Tamar alikuwa dirishani, hata hakujificha. Somo lilikuwa gandi, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o. Silas akamaliza, akauliza, "Kuna swali?"

Guyo akaruka. Visigino vikagongana. Mimi nikafumba macho.

"Lipo, mwalimu!" Darasa zima likageuka. "Baba alinunua ng'ombe kutoka bara. Gandi ilipoingia, wale wakafa wote. Wetu wa Kiorma waliugua, wakapona. Malisho yale yale, dawa ile ile. Kwa nini?"

Silas akafungua daftari, akalifunga, akajikuna shingo. "Sijui," alisema. "Kwa kweli sijui, Guyo. Nipe siku mbili nisome."

Guyo akabaki amesimama. Miaka yote ile, aliniambia baadaye, hakuwahi kumsikia mkubwa akilitamka neno hilo mbele ya watu. Kisha akaanza kucheka. Binti mmoja, Kadra, akainua mkono: naye hakuelewa chumba cha tatu. Mwingine hakuelewa hata cha kwanza! Mikono ikawa mingi, kipindi kikapitiliza saa nzima, ugali wangu ukapoa. Nilikasirika kweli, maana ugali ukipoa lawama ni zangu.

Kwenye marudio Guyo alipata sitini na nane. Alikuja jikoni mbio, akampa Tamar karatasi, akampigia simu mkewe pale pale. Aliongea Kiorma kwa muda, halafu akageukia Kiswahili ili na sisi tusikie.

"Abdia, wakikuuliza mumeo anafanya kazi gani, usiseme tena alikuwa sajenti. Sema ni mwanafunzi."

Tamar alilia waziwazi. Mimi pia nililia, wala sioni haya kusema.