CD ya mama haichezi yenyewe, na ng'ombe amegoma kushusha maziwa

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa habari, habari zenu.

Niko Isiolo, upande wa Chechelesi. Haya yametokea hapa kwetu nyumbani, na sitatia chumvi. Chumvi namwekea ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe anaitwa Dimtu, yaani nyekundu kwa Kiborana. Ndiye wa mwisho wa uzao wa ng'ombe wa marehemu baba. Ndama wake alikufa, na tangu hapo hashushi maziwa mpaka aimbiwe. Wafugaji mlio humu mnanielewa. Wa mjini, niaminini tu.

Aliyekuwa akimwimbia ni mama. Kisha mama akafanyiwa operesheni ya koo, sauti ikabaki ya kunong'ona. Aliionea aibu, akaapa haimbi tena.

Bahati nzuri nilikuwa nimemrekodi mapema, nikachoma CD.

Nina desktop ya zamani. Niliiweka kwenye stoo iliyopakana na zizi, spika dirishani. Mama anawasha, anatia diski, anasukuma trei kwa kiwiko, anakwenda kukaa na kibuyu chake. Wimbo unaanza wenyewe, Dimtu anatulia, maziwa yanashuka. Mouse hajawahi kuishika maishani.

Najua mtauliza kwa nini asitumie simu. Tulijaribu. Shangazi yangu wa Garbatulla akapiga katikati ya wimbo, Dimtu akarusha teke, maziwa yote chini. Mama akapiga marufuku simu zizini.

Sasa tatizo.

Mashine ilianza kusumbua, fundi akaiwekea Windows mpya. Iliporudi, mama anatia diski, drive inazunguka, taa inawaka, halafu kimya.

Dimtu akagoma kabisa. Kiwele kimejaa, mama akigusa anakula mateke. Jirani yetu Mama Halima, ambaye hununua maziwa kwetu, akaniambia, "Guyo, hii ng'ombe si muuze tu? Inakula bure."

Mama alisikia. Kesho yake nikakuta dalali wa mifugo anamkagua Dimtu meno. Mama alikuwa amesimama hapo, ameangalia kando. Wakaelewana arudi siku ya soko kumchukua.

Iliniuma, wakuu. Siwafichi.

Nikaingia kazini. Lens nikaisafisha kwa pamba na spirit. Cable nikabadilisha. Nikaazima drive nyingine kabisa, nayo ikazunguka, ikanyamaza. Hapo nikajua drive inasingiziwa.

Nikamuuliza mama, ukiweka diski inafanyaje?

"Inalia ting, halafu inanyamaza," akasema. "Ni kama mtu amebisha hodi."

Mtu akibisha hodi anangoja ajibiwe, au sio?

Na hapa ndipo mtanicheka. Kompyuta yenyewe haina monitor. Ndugu yangu aliichukua zamani akaipeleka dukani kwake, na hakuna aliyejali, kwa sababu mama hatazami kioo. Yeye anasikiliza tu.

Nikaifuata, nikachomeka, nikatia diski. Ting! Chini pembeni kikatokea kisanduku kinachotaka uchague cha kufanya na CD ya muziki. Kikakaa kidogo, kikapotea. Kumbe kila siku mashine ilikuwa inauliza swali, na hapakuwa na wa kuliona.

Kwa atakayekutana na hili: fungua Control Panel, ingia AutoPlay, shuka hadi Audio CD, chagua Play audio CD, kisha Save. Ni hivyo tu. Na mimi nilikuwa nimeshapakaa spirit mpaka kwenye kanzu.

Jioni ile mama akasukuma trei. Wimbo ukaanza. Dimtu akasimamisha masikio, maziwa yakaanza kupiga kwenye kibuyu. Nilifurahi kama niliyeshinda uchaguzi.

Kufika katikati, diski ikakwama. Ina mkwaruzo. Kimya. Dimtu akainua mguu wa nyuma, mimi nikatoka mbio kwenda stoo.

Kabla sijafika mlangoni nikamsikia mama. Alikuwa ameudaka ule mstari pale ulipokatika, anauimba kwa ile ile sauti yake ya kunong'ona. Nikasimama. Mguu wa Dimtu ukarudi chini taratibu.

Diski ilipojikwamua, mama hakunyamaza. Waliendelea pamoja, mama wa sasa na mama wa zamani, mpaka kibuyu kikajaa. Machozi yalinitoka, na siombi radhi.

Siku ya soko dalali alikuja na kamba. Mama akampa chai ya maziwa, akamwambia ng'ombe hauzwi.

Nilichojifunza: kabla hujafungua mashine, hakikisha haingoji jibu lako. Kama na wewe una ng'ombe au kompyuta iliyowahi kukugomea, lete stori yako hapa chini.

Halafu msianze kunifokea kuhusu backup, nimeshaicopy kwa flash. Nilitaka pia mnielekeze namna ya kuondoa ule mkwaruzo, lakini mama amekataa usiguswe.

Anasema hapo ndipo zamu yake.