Siku Mbuzi Walipokula Sukuma ya Hedimasta

Sisi tuliosoma Kitengela miaka ya tisini, kabla ghorofa hazijaziba upepo, tunajua Kiingereza kilivyotutoa jasho. Shule yetu ilikuwa na ua wa miiba na lango la mabati lililofungwa kwa waya, na pundamilia walipita uwandani wakati wa hesabu wakatupotezea jumla. Baba alikuwa ametuhamisha kutoka Bungoma alipopata kazi kwenye kiwanda cha saruji, na kila asubuhi neno lake lilikuwa lile lile: "Shikeni Kiingereza, mimi sina ng'ombe wa kuwaachia."

Jumatatu hadi Alhamisi hapo shuleni ilikuwa Kiingereza tu. Kiswahili kilikuwa cha Ijumaa. Kwa hiyo siku nne tulinyamaza kama watu wanaongoja daktari, na Ijumaa tukapiga kelele za wiki nzima.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa Madam Mutheu, mama mwembamba aliyeweka chaki nyuma ya sikio. Muhula huo alitufundisha kueleza jambo lililokuwa likiendelea wakati uliopita. Mtindo wake ulikuwa wa kutoka nje, kusubiri kidogo, halafu kuingia ghafla akiuliza, "What were you doing when I came in?" Nasi tulijibu kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba, sentensi aliyoiandika ubaoni: "I was sweeping the classroom!" Hakuna aliyekuwa ameshika ufagio. Tuliimba hivyo wiki mbili, na ndugu zangu nyumbani wakaishika pia.

Niliketi dawati moja na Lemayian, aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wa baadhi ya walimu. Mbuzi wa babake walichungwa karibu na shule, na mara moja walikuwa wameingia wakala maua ya ofisi. Babake aliitwa, akaja na rungu lake, akasikiliza yote. Kisha akamwambia mwanawe mbele yetu sote kwamba akiitwa tena, kijana ataenda Loitokitok kwa mjomba kuchunga ng'ombe, na mambo ya kalamu yataishia hapo. Mzee yule hakuwa mtu wa kutisha bure.

Basi Jumanne moja wakati wa mapumziko nilishikwa na njaa. Nje ya lango kulikuwa na mama wa mandazi. Nilifungua waya, nikanunua andazi moja, nikarudi mbio. Sikuufunga waya, kwa sababu kufunga kulihitaji mikono miwili na mmoja ulikuwa na kazi. Nusu ya andazi ilikuwa ya Lemayian, aliyebaki darasani akinifanyia kazi yangu ya nyumbani kwa makubaliano yetu ya siku zote. Kengele ilipolia, mbuzi wa babake walikuwa kwenye shamba la sukuma wiki la Hedimasta, shamba alilolimwagilia mwenyewe kila jioni amekunja suruali. Yalibaki mashina tu.

Hedimasta aliingia darasani na fimbo kwapani, akataka kujua nani aliyefungua lango. Akaamua kutuuliza mmoja mmoja: wakati wa mapumziko, ulikuwa unafanya nini?

Akaanza mstari wa mbele. Wambua akasimama wima kama askari. "I was sweeping the classroom." Aliyefuata naye alikuwa akifagia. Wa tatu pia. Mstari wa pili wote ulikuwa ukifagia. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Hicho ndicho Kiingereza tulichokuwa nacho, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Laiti mbuzi wangengoja Ijumaa. Lemayian alipofikiwa, naye akafagia. Hedimasta akatazama sakafu, vumbi, maganda ya miwa, karatasi, na sheria yake mwenyewe ikamponyoka. "Watu wote hawa mmefagia," akasema kwa Kiswahili safi, "na darasa liko hivi?"

Madam Mutheu, aliyesimama dirishani, alijifunika uso kwa daftari. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Lakini Hedimasta hakucheka. Alijua mbuzi ni wa nani. Akamwambia Lemayian achukue vitu vyake aende kumwita babake. Lemayian akaanza kupanga kalamu zake kwenye mfuko wa nailoni, moja moja, bila kunitazama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuisahau.

Nikasimama kabla ya zamu yangu. "I was opening the gate," nikasema. Sentensi hiyo haikuwa ubaoni. "I was buying mandazi. Lemayian was doing my homework."

Hedimasta alimgeukia Madam Mutheu kana kwamba anauliza hii imetoka wapi. Madam alifuta macho. "Class, clap for her," akasema, nami nikapigiwa makofi ya kilo, yale mazito ya darasa zima, kisha viboko viwili, kisha nikapewa adhabu ya kumwagilia sukuma mpya muhula mzima. Lemayian hakutumwa nyumbani. Alipewa mtungi wake, kwa sababu ya ile kazi ya nyumbani.

"Wewe Nafula," alininung'unikia tukitoka kisimani, "hiyo ya mwisho ungewacha tu. Nani alikuuliza?"

Nilimwambia Kiingereza kilikuwa kimeshika mteremko na breki zikakataa.

Leo shule ile ina ukuta wa mawe na mlinzi. Lemayian ni daktari wa mifugo kule Kajiado, na mwandiko wake siku hizi, kama wa madaktari wote, hausomeki. Mwanangu naye yuko darasa la nne, Kiingereza kinamtoka puani tangu chekechea, lakini nikiingia nyumbani nikamuuliza alikuwa akifanya nini, anajibu "Nothing, Mum" bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Enzi zetu hatukuwa na sentensi ya kutofanya kitu.

Wiki jana nilikuta bakuli la wageni limevunjika. Alikuwa akifanya nini? Nothing. Nikaketi nikamsimulia habari za lango. Alicheka sana, halafu akaweka simu chini.

"Mum," akasema, "I was playing football in the house."

Nilimpigia makofi, peke yangu jikoni, na machozi yakanitoka, maana nilimkumbuka aliyeanza kupiga makofi siku ile: Lemayian, mfuko wa kalamu bado mkononi. Halafu nikampa mwanangu ufagio.