Nilivyoionea Wivu Fidia ya Elia

Wiki iliyopita wivu uliniponza, na sasa naona haya kupita mtaa wa Mchafukoge na maziwa yangu ya kuuza. Serikali ilichukua ng'ombe wa jirani yangu Elia, Mchaga mpole tunayepakana naye mazizi huko Ilala, kisha ikamlipa fidia. Sikuuliza waliwachukulia nini. Nilichoona mimi ni baiskeli yake mpya ikipita mlangoni kwangu asubuhi na jioni. Roho ikaniuma mpaka chakula hakishuki, nikaenda ofisini kwa Bwana Mifugo kudai haki yangu.

Watu walikuwa wamejaa, nami nikapaza sauti wote wasikie.

“Bwana, ng'ombe wangu na wa Elia ni wamoja. Majani yale yale, maji yale yale, dume lile lile. Kama wake walifaa, wangu wana kasoro gani?”

“Una hakika ni wamoja?”

“Naapa.”

“Wale tuliwaua kwa sababu walikuwa na kifua kikuu,” akasema. “Kesho nitakuja kuwapima na wako.”

Nikageuka kutafuta mlango. Kwenye benchi alikaa Mama Shanta, Mhindi wa Mchafukoge ninayempelekea maziwa kila siku.

“Athumani,” akaniuliza taratibu, “na yale waliyokunywa watoto wangu leo asubuhi?”